Barua ya wazi kwa wanaotoa vibali vya moto: mimi nilikuwa nacho

Kwa waheshimiwa madiwani, wakurugenzi wa halmashauri na wakuu wa vikosi vya zimamoto

YAH: SHERIA NDOGO ZA KUWASHA MOTO NJE

Waheshimiwa,

Barua nyingi mnazopokea huanza na kosa la mtu mwingine. Hii inaanza na la kwangu. Mwaka juzi nusura niunguze nyumba ya jirani yangu. Sikuwa mlevi wala mvunja sheria. Nilikuwa na kibali mfukoni, kimegongwa mhuri, kina sahihi mbili, na tarehe yake ilikuwa ya siku ileile.

Nilikuwa nimepunguza matawi ya miti ya uani na kubomoa uzio wa mbao uliooza, nikapata lundo la kimo cha kifua changu. Sheria ndogo inasema lundo kama hilo haliwashwi bila kibali, nami nikaenda ofisini. Karani aliniuliza jina, namba ya kiwanja, namba ya simu na risiti ya ada. Akaniuliza nataka siku gani. Nikataja Jumamosi ya wiki inayofuata, kwa kuwa ndiyo siku ambayo siendi kazini. Baada ya siku tisa nikapewa karatasi: moto uwashwe Jumamosi, kuanzia saa kumi jioni hadi saa kumi na mbili. Nje ya muda huo kibali hakifai, na ada hairudishwi.

Jumamosi ikafika na upepo wake. Asubuhi niliusikia juu ya bati, mchana ukatulia, saa kumi ukarudi. Nilisimama uani na kiberiti mkononi nikipiga hesabu kama mtu mzima mwenye akili zake. Nikiahirisha, narudi dirishani, nalipa upya, nangoja tena siku tisa, na lundo linazidi kukauka. Tena, nikajiambia, wenye utaalamu wao wamesharuhusu. Nikawasha.

Dakika kumi za mwanzo zilinipa moyo. Kisha upepo ukageuka kwa mkupuo mmoja, majani yaliyokuwa yakiwaka yakanyanyuka, yakapita juu ya kichwa changu na kutua kwenye nyasi kavu ng'ambo ya mpaka, pale pale ulipokuwa uzio nilioung'oa. Nyasi zikashika kwa sauti kama ya kitambaa kinachochanwa. Ndoo yangu moja ya maji iliisha kabla sijajua niimwage wapi. Aliyeuzima moto ule si mimi, ni jirani na wanawe wawili, kwa matawi mabichi na maji ya kufulia. Uliishia hatua kama nane kutoka kwenye ukuta wake.

Tulipomaliza, jirani akiwa na masizi hadi kwenye kope, akaomba aione ile karatasi. Akaisoma mbele, akaigeuza nyuma, hapakuwa na kitu.

"Hapa pameandikwa kila kitu," akasema, "isipokuwa moto."

Sikupigwa faini. Hakuna aliyekuja kuniuliza lolote, maana kwenye daftari lenu mimi ni mwananchi mwema aliyefuata utaratibu.

Tazameni basi karatasi hiyo ilikuwa inajua nini. Ilinijua mimi, kiwanja changu na risiti yangu. Moto hauna haja na hata kimoja kati ya hivyo. Wenyewe unajali upepo unakoelekea na kasi yake, nyasi zilivyokauka, ardhi ilivyoinama, na kama pana mtu karibu mwenye maji. Wazimamoto wenu wanayajua haya kuliko mimi. Wanajua kwamba moto unaopanda mteremko huongeza kasi karibu maradufu kwa kila nyuzi 10 za mwinuko, kwa sababu ndimi zake huinamia majani yaliyo juu na kuyakausha kabla hazijayafikia. Lakini wazimamoto hawakai dirishani. Anayekaa dirishani ni karani, na fomu aliyopewa haina mstari wa upepo. Simlaumu yeye.

Mnaweza kusema upepo wa siku moja ni bahati mbaya tu. Oktoba 1871, katika misitu ya Wisconsin huko Marekani, watu walikuwa wakichoma visiki na matawi ili kusafisha mashamba na kupitisha reli. Ulikuwa mwaka wa ukame, na mioto hiyo midogo ilifuka hapa na pale kwa majuma kadhaa hadi watu wakaizoea. Usiku wa tarehe 8 ukaingia upepo mkali, mioto ikaungana, na mji wa Peshtigo ukateketea. Waliokufa katika eneo lile wanakadiriwa kuwa kati ya 1,200 na 2,500. Chicago nayo iliungua usiku huohuo, kwa hiyo habari za Peshtigo zikamezwa na za jiji kubwa, na hadi leo wengi hawajawahi kulisikia jina hilo. Ile mioto ya visiki ilikuwapo siku zote. Kilichoongezeka usiku ule ni upepo.

Wapo waliouingiza upepo ndani ya sheria yenyewe. Katika jimbo la Victoria, Australia, kikianza kipindi cha hatari ya moto, moto wa kuota au wa kupikia nje unaruhusiwa iwapo upepo hauzidi kilomita 10 kwa saa, moto uko ndani ya jiko lililojengwa au shimo lenye kina cha sentimita 30, pembeni pamesafishwa mita 3 kila upande, na yupo mtu mzima muda wote mwenye maji yasiyopungua lita 10. Siku ya marufuku kamili, hata huo hauwashwi. Ni jimbo lililozika watu 173 baada ya mioto ya Februari 2009, kwa hiyo sidhani kama wanaandika masharti kwa kupenda makaratasi. Mtu yeyote anaweza kuyasoma masharti hayo akiwa amesimama uani kwake na akajua kama leo anaruhusiwa. Karatasi yangu ilinitaka niangalie kalenda.

Najua swali litakalofuata: mwananchi wa kawaida atapimaje kilomita 10 kwa saa? Hahitaji chombo. Kwa kipimo cha Beaufort, ambacho mabaharia wamekitumia tangu karne ya 19, upepo wa kilomita 6 hadi 11 kwa saa unausikia usoni, na majani mtini yanachakarika. Ukiona majani na vijiti vyembamba havitulii kabisa, na bendera nyepesi imenyooka, umeshaingia kwenye kilomita 12 hadi 19, na kiberiti kirudi mfukoni. Maneno hayo machache yangetosha nyuma ya kibali changu, pale alipopageuza jirani akakuta patupu. Ningeyasoma Jumamosi ile, na nawaapia ningeyatii, kwa sababu mimi ni mtu wa kutii karatasi. Ndiyo maana niliwasha.

Ninachoomba, kwa hiyo, ni kibali kiwe cha msimu na ruhusa iwe ya siku. Mtu aje mara moja, mahali pake pakaguliwe, aelezwe masharti, apewe kibali cha miezi kadhaa. Kisha asubuhi ya siku anayotaka kuwasha apige simu au atume ujumbe mfupi aulize: leo vipi? Ajibiwe kwa hali ya hewa ya leo. Upepo ukiwa mbaya, hapotezi chochote kwa kungoja kesho, na hapo ndipo ilipo siri yote. Mimi niliwasha kwenye upepo kwa sababu kungoja kulikuwa na bei na kuwasha hakukuwa nayo. Mliandika sheria inayomwadhibu anayeahirisha.

Hili si wazo nililolitoa kichwani. New Zealand wana vipindi vitatu: cha wazi, ambacho kibali hakihitajiki, cha masharti, ambacho kinahitajika, na cha marufuku. Vipindi hivyo hubadilishwa eneo kwa eneo kadiri ardhi inavyokauka, na mtu huangalia kwanza eneo lake liko katika kipindi gani kabla hajagusa kiberiti. Queensland nako, jimbo jingine la Australia, moto usiozidi mita 2 upande wowote hauhitaji kibali, ila tahadhari ni lazima. Ukizidi hapo unaomba kwa msimamizi wa moto wa eneo lako, na majirani mnaopakana nao wajulishwe. Na hulipi kitu.

Hapo kwenye kutolipa naomba msimame kidogo. Najua ada ni mapato, na najua halmashauri haiendeshwi kwa nia njema peke yake. Lakini ada ya kibali cha moto inamkamata mtu mmoja tu: yule aliyejitokeza. Anayechoma saa tano usiku nyuma ya nyumba, gizani, wakati hakuna wa kumwona na hakuna wa kumsaidia, halipi. Kila mnapoipandisha ada, mnawasogeza watu wengine wachache kutoka mchana kwenda usiku. Na mnapoteza kitu chenye thamani kuliko hizo fedha, nacho ni kujua nani anawasha moto, wapi na lini. Zimamoto akipigiwa simu kwamba kuna moshi mtaa fulani, kibali ndicho kinachomwambia kama ni lundo la fulani linalosimamiwa au ni nyumba.

Kuna jambo jingine linalonikera katika sheria ndogo nyingi nilizozisoma tangu siku ile (nimekuwa msomaji wa sheria ndogo, mke wangu ananicheka). Moto wote umetiwa kapu moja. Familia inayokaa jioni kuzunguka kuni nne ndani ya duara la mawe inaandikiwa masharti yaleyale ya mtu anayechoma eka mbili za mabua. Matokeo yake familia haiombi, mwenye mabua naye haombi, na sheria inabaki kuwa pambo.

Ile kanuni ya moto inayofuatwa na miji mingi ya Marekani inaitenganisha mioto hii kwa vipimo. Moto wa starehe ni ule ambao kuni zake hazizidi kipenyo cha sentimita 90 na kimo cha sentimita 60, na hautumiki kuchomea taka. Huo unakaa mita 7.6 au zaidi kutoka kwenye jengo au kitu kinachoweza kushika moto. Lundo kubwa linasogezwa hadi mita 15. Vipimo vyenyewe mnaweza kuvibadili kufuatana na mahali penu. Ninachotaka mwone ni kwamba moto mdogo umepewa jina lake na masharti yake, na mtu akishausoma anajua yuko upande gani bila kumuuliza karani.

Ila msiuonee huruma kupita kiasi kwa sababu ni mdogo. Julai 2016, katika pwani ya California, mtu aliwasha moto wa kambi mahali palipokatazwa, akauacha. Moto huo ulioitwa Soberanes uliendelea hadi Oktoba, ukala karibu hekta 53,000 na nyumba 57, na dereva mmoja wa tingatinga akafa katika kuuzima. Kwa hiyo moto wa starehe usidaiwe kibali, sawa, lakini udaiwe mtu. Sharti la kwanza, kabla ya vipimo vyote, liwe kwamba haubaki peke yake hata kwa dakika ya kwenda kuchukua viti.

Nami sasa nafika kwenye sehemu ambayo sheria zenu huimaliza kwa neno moja: "uzimwe". Ndiyo sehemu inayohitaji maneno mengi kuliko zote.

Wahenga walisema panapofuka moshi pana moto. Hawakusema penye moshi uliokoma moto umekwisha. Januari 2022, huko New Mexico, Idara ya Misitu ya Marekani ilichoma malundo ya matawi katika eneo la Calf Canyon, kwa mpango na kwa wataalamu wake. Theluji ikaanguka juu yake, zaidi ya mara moja. Kwa macho ya mtu yeyote kazi ilikuwa imekwisha. Chini ya majivu, moto ulikuwa umelala. Aprili ukaamka, upepo wa masika ukauchukua, ukaungana na moto mwingine wa Hermits Peak, ambao nao ulikuwa uchomaji wa mpango uliowaponyoka. Kwa pamoja mioto hiyo iliunguza zaidi ya hekta 138,000, moto mkubwa kuliko wote katika kumbukumbu za jimbo lile. Siwasimangi wale wataalamu. Nasema kama moto uliweza kuwadanganya watu wenye magari, ramani na redio kwa miezi mitatu chini ya theluji, mimi na ndoo yangu tunahitaji maelekezo marefu kuliko "uzimwe".

Maelekezo yenyewe si ya siri. Mwaga maji hadi sauti ya kuchemka ikome. Koroga majivu kwa koleo, geuza kila kigogo, chimbua na mizizi iliyo chini maana moto hutembea ndani ya mizizi na kutokea mbali. Mwaga tena. Halafu leta mgongo wa kiganja karibu na majivu bila kuyagusa; ukisikia joto, moto bado upo, rudia. Kesho yake rudi ukaangalie. Kufukia kwa mchanga au udongo, jambo ambalo wengi tunaliona ni uangalifu, ni kuufunika moto shuka: makaa hubaki na joto la kuunguza kwa saa nyingi, na juu yake panaonekana pa kupita. Watoto wanaokanyaga makaa yaliyofukiwa jana yake huungua nyayo kwa namna hiyo.

Kwa hiyo pamoja na ile simu ya asubuhi, wekeni na simu ya jioni. Aliyeruhusiwa kuwasha aripoti kwamba amezima na kwamba amepima joto kwa mgongo wa kiganja. Asiporipoti, apigiwe. Mimi hakuna aliyenipigia. Lundo langu, baada ya purukushani za nyasi, lilibaki likifuka usiku kucha nikilitazama dirishani, na saa ya kibali ilikuwa imekwisha tangu saa kumi na mbili. Kisheria, kuanzia dakika ile moto wangu haukuwapo.

Kuhusu saa hizo nina neno. Aliyepanga saa kumi hadi kumi na mbili jioni bila shaka alilikwepa jua na upepo wa mchana, na ana hoja. Lakini jua likizama ardhi hupoa, hewa ya baridi hulala chini, na ile yenye uvuguvugu hukaa juu yake kama kifuniko cha sufuria. Moshi unakosa pa kupandia. Lundo lililowashwa saa kumi na moja bado linafuka saa mbili usiku, na moshi unatambaa unaingia kwenye madirisha ya watu. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilishusha kiwango linachokipendekeza kwa zile chembe ndogo zisizozidi mikromita 2.5, kutoka mikrogramu 25 hadi 15 kwa kila mita ya ujazo kwa wastani wa saa 24, kwa sababu chembe za ukubwa huo hupita puani, hufika ndani kabisa ya mapafu, na nyingine huingia kwenye damu. Moshi wa matawi umejaa hizo, na matawi mabichi ni mabaya zaidi kwani sehemu kubwa ya joto huishia kukausha maji yaliyomo badala ya kuuchoma moshi. Mahali pengi saa nzuri ni katikati ya asubuhi, umande umekauka, hewa imeanza kupanda na upepo wa mchana bado haujaamka. Pengine kwenu ni saa nyingine. Iulizwe hali ya hewa, isiulizwe ratiba ya ofisi.

Upande wa pili wa nyumba yangu anaishi mama mmoja mwenye pumu. Nilikwenda kumwomba radhi baada ya siku ile, nikitegemea maneno makali. Alichotaka ni kuambiwa. "Ungeniambia asubuhi," alisema, "ningeanua nguo, ningefunga madirisha, ningekwenda kwa mwanangu." Hakutaka haki ya kunizuia. Alitaka masaa manne. Sharti la kumjulisha jirani halina gharama yoyote kwenu, na bado halimo katika karatasi yangu. Na mngeliweka, jirani yule mwingine naye angekuwa amesimama na ndoo zake tangu mwanzo, badala ya kukimbia na maji ya kufulia.

Sasa taka. Hakuna aliyeniuliza lundo langu lina nini ndani. Nami sikusema, kwa sababu sikujua kwamba ni jambo la kusema. Ndani yake zilikuwamo mbao za ule uzio, na baadhi ya nguzo zake zilikuwa zile za zamani zenye rangi ya kijani, zilizotiwa dawa ya shaba, kromu na aseniki ili mchwa na uozo visizile. Mbao hizo zikiungua, sehemu ya aseniki hutoka na moshi na sehemu hubaki kwenye majivu. Yale majivu niliyamwaga bustanini. Nilikuja kusoma habari hizo miezi mitatu baadaye, na mboga tulikuwa tumeshazila. Plastiki nayo, hasa ile yenye klorini, ikiungua kwa moto mdogo usio na hewa ya kutosha, kama wa ndani ya pipa, hutoa dayoksini, sumu zinazokaa miaka mingi kwenye udongo na kwenye mafuta ya wanyama. Ndiyo sababu Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001 unautaja uchomaji wa taka mahali pa wazi miongoni mwa vyanzo vya sumu hizo. Kwa hiyo marufuku ya kuchoma taka naiunga mkono bila ya lakini.

Lakini (naam, ninayo) nanyi mna deni. Mnakataza mtu kuchoma taka huku gari la taka halijapita wiki ya tatu. Mnakataza mbao zenye dawa zisichomwe, na hamsemi zipelekwe wapi. Mnakataza matawi bila kibali, na hakuna siku hata moja katika mwaka ambayo mtu anaweza kuyaweka kando ya barabara yakachukuliwa. Katazo lisilo na mahali pa kupeleka kitu kilichokatazwa linazaa moto wa usiku. Mashine moja ya kusaga matawi, inayozunguka mtaa kwa mtaa baada ya msimu wa kupogoa, ingefuta sababu ya vibali vingi mnavyotoa, na unga wa miti unaobaki unafaa kutandazwa shinani mwa miti ileile au kuchanganywa kwenye mboji. Sidai kila halmashauri ina uwezo wa kuinunua. Nadai kwamba kabla ya kuandika neno "marufuku" mtu aulize mezani: wakapeleke wapi?

Faini nitaipitia haraka, maana inazungumzwa sana na inasaidia kidogo. Iwepo, na iwe nzito kwa aliyewasha siku ya marufuku, kwa aliyeacha moto peke yake na kwa aliyechoma taka. Isiwepo kwa aliyejitokeza kuripoti kwamba moto umemshinda. Dakika tano za mtu kusita kupiga simu kwa kuogopa faini ni nyingi mno. Mimi mwenyewe sikupiga simu Jumamosi ile. Nilikuwa na kibali, na bado niliogopa.

Na petroli: katazeni kwa maandishi makubwa. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa, unatambaa chini bila kuonekana, na unashika moto hata katika baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri. Anayemwagia lundo kisha akatafuta kiberiti mfukoni, anapokipata ameshasimama katikati ya mvuke. Mimi sikutumia, kwa bahati tu. Chupa nilikuwa nayo ghalani, na karatasi haikunikataza.

Mtasema hakuna watumishi wa kupokea simu kila asubuhi. Ujumbe mmoja uliorekodiwa, unaobadilishwa kila alfajiri na mtu wa zimamoto baada ya kusoma utabiri, unawajibu wote wanaopiga. Ubao wenye rangi tatu mbele ya ofisi unawajibu wasio na simu. Wenye kazi ya kukagua lundo mara moja kwa msimu wanaweza kuwa watu wa mtaani waliofundishwa, kama wale wasimamizi wa Queensland. Muda wa karani anayeandika namba za viwanja kwenye vibali vya siku moja upo tayari. Mnaulipia.

Uani kwangu kuna lundo jingine hivi sasa. Ni matawi matupu, nimelifunika turubai, nimelisogeza mbali na mpaka kwa hatua ishirini na kufyeka nyasi kulizunguka. Mapipa mawili ya maji yamesimama kando. Nguzo sita za kijani zilizobaki nimeziegemeza nyuma ya ghala, kwani bado hamjaniambia pa kuzipeleka. Jirani amesema nikipanga siku nimwambie, atakuja na wanawe.

Jumatatu nitakuja dirishani kwenu. Nitataja jina, nitataja namba ya kiwanja. Naomba safari hii karani aniulize na habari za upepo.

Wenu mtiifu,

Mkazi, na mwenye kibali kilichokwisha muda wake saa kumi na mbili jioni